Mwaka niliolima zaidi ndio nilioandika zaidi. Sababu ni nini?

#1 KalamuNaJembe

Assalaam alaykum wanajamvi.

Nina swali limenikaa kooni muda sasa. Mie ni mwandishi wa vitabu wa kujitegemea. Naandika, rafiki yangu mmoja ananisaidia kuhariri, uchapaji nalipa mwenyewe na vitabu nauza kwa mkono. Sina mshahara. Naishi nyuma ya Mtambile, Pemba, kwenye eka tatu alizopewa babu yangu baada ya Mapinduzi ya 1964. Kabla ya hapa nilikaa mjini Unguja miaka saba, mchana ofisini, usiku kalamu. Miaka saba ile ilizaa muswada mmoja tu, nao haukumalizika.

Nilirudi shamba 2018. Nina madaftari mawili: moja la konde (nimepanda nini, nimevuna nini, nimenunua nini), jengine la kurasa. Kila usiku naandika nimepata kurasa ngapi siku hiyo. Mwezi uliopita niliyakalia yote mawili pamoja, na nilichokiona kimenishangaza.

2019 nililima kidogo: kurasa 61. 2020, muhogo na migomba: 94. 2021 tuliingia bondeni kwa mpunga mara ya kwanza, na muhogo karibu robo tatu ya eka: 212. 2022 nilijikata mguu na panga, mpunga haukulimwa, nikasema basi huu ndio mwaka wangu wa kuandika, nikakaa barazani na daftari tangu asubuhi: kurasa 70. 2023 tulilima kuliko mwaka wowote. Mchele wetu wenyewe ulitutosha miezi saba, na dukani nilinunua chumvi, sukari, sabuni, kiberiti, dawa, vocha, karatasi na wino, na mafuta ya kupikia miezi ile nazi zilipopungua. Kurasa 240.

Yaani muda ulivyopungua ndivyo maandishi yalivyozidi. Nawauliza wakulima, waandishi na yeyote aliyewahi kupitia jambo kama hili. Kwa nini?

#2 MtotoWaChake

Waalaykum salaam. Naweka kambi hapa. Jibu langu ni jepesi: simu. Mtu mwenye jembe mkononi hashiki simu. Huko Mtambile mtandao wenyewe bila shaka wa kubahatisha.

#3 KalamuNaJembe

@MtotoWaChake mtandao upo, tena mzuri, Mtambile iko barabara kuu ya Chake na Mkoani. Umeme nao unapita mita mia mbili kutoka nyumbani, sikuuvuta tu. Nina sola ndogo ya taa na simu. Naandika kwa mkono kwenye kauntabuku, kuchapa kwenye kompyuta nafanya kwa rafiki yangu Mkoani kila Ijumaa. Na simu niliishika sana 2020, mwaka ambao nao niliandika kuliko 2019.

#4 Kikwajuni_B

Mie nadhani MtotoWaChake kagusa mlemle ila kaita jina silo. Si simu, ni kelele za taa. Mnakumbuka umeme ulipokatika Unguja miezi mitatu mwaka 2008? Nilikuwa kijana wa skuli. Baba alikuwa na sanduku la vitabu halikufunguliwa tangu nizaliwe. Miezi ile nilisoma vitabu kumi na moja kwa kandili, na nilianza kuandika shajara ambayo ninayo mpaka leo. Umeme uliporudi, shajara ikasimama wiki ileile.

#5 Mzee wa Wesha

Sahihisho kidogo @Kikwajuni_B. Umeme ulikatika mara mbili. Wa 2008 ulikuwa kama mwezi mmoja. Ule wa miezi mitatu ulianza Disemba 2009 ukarudi Machi 2010, waya wa baharini unaotoka Ras Kiromoni, bara, kuja Fumba, Unguja, ulipoharibika. Sisi Pemba wakati huo hatukuhusika na waya wenu, tulikuwa na majenereta yetu ya dizeli hapa Wesha, yakiwaka siku yakipenda. Waya wetu kutoka Tanga umewashwa Juni 2010.

Na kwa hoja yako: Pemba tulikaa na kiza miaka mingi sana. Kama kiza kinazaa vitabu, vyetu viko wapi?

#6 UmmuSalma

Nimesoma hesabu zote, sijaona mahali palipoandikwa nani alikuwa anapika, nani alichota maji, nani alipalilia huo mpunga. Pemba mpunga ni kazi ya wanawake, tusidanganyane. Mwanamme akisema "tulilima kuliko mwaka wowote", mie nauliza huyo "tu" ni nani na nani. Naomba jibu kwa heshima, sitaki ugomvi.

#7 KalamuNaJembe

Dada UmmuSalma, swali lako ni la haki na nitajibu bila kuzunguka.

Kuburuga udongo na kupalilia bondeni ni kazi ya mke wangu na dada zake wawili, mie nilikuwa mkono wa nne. Muhogo, migomba, minazi na kuni ni mie. Kuamia ndege, yaani kuwafukuza wasile mpunga, ni mie peke yangu. Kupika ni yeye, isipokuwa siku za palizi, siku hizo napika mie. Maji tulikuwa tunachota wote kisimani, safari mbili kwa siku, kila safari kama dakika arobaini kwenda na kurudi na kusubiri zamu. Mwishoni mwa 2020 niliuza mbata (nazi kavu) nikanunua tangi la lita 5,000 na mabomba ya kukinga maji ya bati. Tangu hapo kisimani tunakwenda Kaskazi tu, Januari na Februari tangi likikauka.

Kwa hiyo ndiyo, saa zangu zina jasho la mtu mwengine ndani yake. Lakini mpango huo wa jikoni na maji ulikuwa uleule 2022, ijapokuwa bondeni hatukulima, na 2022 niliandika kurasa 70.

#8 FundiBati

Basi jibu umelitoa mwenyewe kaka. Tangi! Limeingia mwisho wa 2020, kurasa zimeruka 2021. Bati lako kama ni la mita za mraba 40, kwa mvua za Pemba unakinga lita 7,600 kwa mwaka, na hizo ni saa ngapi za kisimani zimerudi kwako?

#9 MwalimuHesabu

@FundiBati umedondosha sifuri. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Pemba inapata kama milimita 1,900 kwa mwaka. Mara 40 ni lita 76,000. Toa yanayomwagika na yanayofurika tangi likijaa, bado ni mengi mno kuliko ulivyosema. Nyumba inayotumia lita 60 kwa siku, tangi la 5,000 likijaa linakwenda siku 83. Ndiyo maana linamfia Kaskazi.

Ila hoja ya tangi inakwama palepale alipoikwamisha mwenye uzi. 2022 tangi lilikuwepo.

#10 FundiBati

Ahsante mwalimu, sifuri nimeiokota.

#11 Bi Mkubwa wa Ole

Wanangu, mie si mtu wa kuandika sana, mjukuu wangu ndiye anayenibonyezea.

Mwanangu mwenye uzi umelipita jambo kwa neno moja tu: kuamia. Nataka nikuulize, ulikuwa unaamia wapi? Dunguni, kile kichanja cha juu ya nguzo? Basi tuanzie hapo. Mie nimekulia dunguni. Mpunga ukianza kutia maziwa, sisi watoto tunapelekwa alfajiri na muhogo wa kuchemsha kwenye kikapu, tunashuka magharibi. Skuli hakuna. Minana wanakuja makundi makundi, unawapigia makelele, unavuta kamba, wanahama konde la jirani, jirani naye anawarudisha kwako. Siku nzima hivyo. Mikono ina kazi, macho yana kazi, akili haina kazi. Sasa akili isiyokuwa na kazi na huku huruhusiwi kulala inafanya nini? Inatunga. Dungu hadi dungu tulikuwa tunarushiana vitendawili na hadithi, mmoja anaanza huku, wa pili anaipokea kule, ikifika mwisho wa bonde haifanani tena na ilivyoanza. Mie hadithi nilizowasimulia wanangu wote saba nilizitunga au nilizisikia juu ya miti minne.

Kwa hiyo kitendawili chako mie naona kimeteguka. Mwaka wa mpunga una dungu. Mwaka usio na mpunga hauna.

#12 MtotoWaChake

Bi Mkubwa umetufungia uzi ukurasa wa kwanza 😄 Shikamoo.

#13 KalamuNaJembe

Shikamoo bibi. Nimesoma maneno yako mara tatu. Hebu niseme kwa urefu, kwa sababu umenigusa penyewe.

Dungu langu nimelijenga kwa nguzo nne za mvinje, urefu wa mtu na nusu, sakafu ya mianzi, juu makuti. Kutoka pale kamba sita za usumba zinatawanyika bondeni, kila moja ina makopo ya maziwa yenye kokoto ndani. Nina teo na rundo la madonge ya udongo. Kauntabuku nimeifunga kwa uzi kwenye nguzo ya kulia, maana siku ya kwanza ilidondoka majini.

Ndege wana saa zao. Wanakuja jua likichomoza mpaka saa nne hivi, wanapumzika joto likipanda, wanarudi saa tisa mpaka karibu na magharibi. Nilidhani nitaandika pale katikati, saa nne hadi saa tisa, ndege wametulia. Sikuandika kitu. Nilisinzia au nilikodolea macho bonde. Kurasa zilikuja asubuhi na jioni, saa za vurugu. Nilikuwa nikivuta kamba, kundi linanyanyuka, kundi jengine bado halijashuka, na kwenye nafasi ile naandika sentensi mbili tatu, haraka, kwa sababu najua zinakatwa. Kisha navuta kamba. Nikirudi kwenye karatasi sentensi inayofuata ishafika.

Sijui kwa nini ni hivyo. Nakueleza nilichokiona tu.

#14 Mtakwimu

Nimefuatilia kwa makini. Kabla hatujaligeuza dungu kuwa dawa, naomba idadi. Kuamia kunachukua siku ngapi kwa msimu, na katika kurasa 240 za 2023 ngapi ziliandikwa dunguni?

#15 KalamuNaJembe

@Mtakwimu kuamia ni wiki tano. Kurasa za dunguni 2023 ni 83. Zilizobaki nyingi ni za masika, Aprili na Mei, mvua ikinyesha na konde halikanyagiki.

#16 Mtakwimu

Basi dungu linaeleza theluthi moja. Theluthi mbili bado hazina mwenyewe. Na mvua za masika zilinyesha 2022 pia, ukiwa barazani.

Mie kwa kweli naona una miaka mitano tu ya hesabu, na mmoja ulikuwa mgonjwa. Mguu uliokatwa na panga unauma, haulali, una safari za hospitali. Uondoe 2022 unabakiwa na nini? 61, 94, 212, 240. Mstari unaopanda. Hiyo ni sura ya mtu anayejifunza kazi yake, angeweza kuwa anafuma mikeka ikawa vilevile. Jembe halimo. Jengine: karafuu zako zilizaa miaka ipi? Pesa ikiwepo akili inatulia.

#17 KalamuNaJembe

Mikarafuu yangu 19 inayozaa ilizaa vizuri 2021. 2023 ilikuwa hovyo kabisa, sikujaza hata magunia mawili. Pesa basi inaeleza mwaka mmoja, mwengine inaukana.

#18 MchumaKarafuu

Hapo kwenye karafuu na mie nina neno, maana watu wa mjini wanadhani karafuu ni mti unaodondosha noti kila mwaka. Mkarafuu haupokei amri. Unazaa sana mwaka mmoja halafu miaka miwili mitatu unakuonesha majani. Na mwaka ukizaa ndio huna nafasi ya kuandika hata jina lako: kukwea, kuchuma, kuchambua makonyo usiku, kuanika kwenye majamvi, mvua ikitisha mnakimbia wote kuanua. Kilo tatu mbichi zinarudi kilo moja kavu. Mie msimu ukiwa mkubwa nalala na harufu yake kwenye nywele mpaka Januari.

Sasa mwandishi anieleze, 2021 karafuu ilizaa, mpunga ulikuwepo, muhogo ulikuwepo, na kurasa 212. Hizo saa kazitoa wapi? Siulizi kwa kumtilia shaka, nauliza kwa sababu na mie nina kitabu kichwani cha maisha ya kambi za wachumaji na sijaandika mstari.

#19 Mtumbatu Asilia

@MchumaKarafuu anza leo. Marehemu Haji Gora Haji, mzee wetu wa Tumbatu aliyezaliwa 1933, alikuwa mvuvi, baharia, mchukuzi wa mizigo, na mashairi yake yanasomwa vyuo vikuu. Hakusubiri apate ofisi.

Mie nauona uzi huu umekaa kinyume. Tunauliza kwa nini mkulima anaandika, kana kwamba hilo ndilo geni. Malenga wetu wengi wa zamani walikuwa na kazi ya mikono: chombo, jembe, sindano ya kofia. Jipya ni mtu kuambiwa akae mezani toka asubuhi na asifanye jengine ila kuandika. Alilojaribu 2022 ndilo geni, na lilimkataa.

#20 UmmuSalma

Nimeridhika na jibu la #7, ahsante kwa ukweli. Nina jengine. Hizo eka tatu za babu hazikuwa zako peke yako. Dada zako wana fungu lao kisheria. Watu wengi wanaitwa wanajitegemea kumbe wanakula fungu la dada.

#21 KalamuNaJembe

Dada zangu wawili. Tuligawa 2018 kabla sijapiga jembe la kwanza, mbele ya ami yetu. Ardhi yenyewe ni ya Serikali, babu alipewa matumizi, kwa hiyo tuligawa zaidi miti. Dada mkubwa ana minazi yote ya upande wa barabara, anaikwea mtu wake kila miezi mitatu na mie siigusi. Karafuu tunagawana kwa mafungu ya mirathi baada ya kulipa wachumaji. Mdogo kaniachia sehemu yake ya kulima muhogo, nampelekea magunia mawili Wete kila mwaka. Kwa hiyo jina la kujitegemea lina watu wengi nyuma yake, nakubali.

#22 MbagalaKuu

Habari za visiwani. Nipo Dar, naandika riwaya, kodi ya chumba inanimaliza. Uzi huu umenitia hamu kubwa. Eka moja Pemba inauzwaje?

#23 Mzee wa Wesha

@MbagalaKuu karibu sana, ila pole pole. Kwa sheria yetu ya ardhi ya 1992 haki ya matumizi ya ardhi anapewa Mzanzibari aliyetimiza miaka 18. Wa bara hupewi kwa kununua tu kama ulivyozoea. Na hizi eka tatu za Mapinduzi si mali ya kuuzwa, ingawa watu wanauziana kwa vikaratasi na kesi hazishi. Kukaa kwa mtu na kulima kipande chake kwa makubaliano ya msimu, hilo linawezekana, uje na maneno mazuri.

#24 MpigaChapa

Mie kazi yangu ni mashine za kuchapa, nataka kumuuliza mwenye uzi jambo moja. Kitabu chako cha pili nimekishika, kina kurasa 84. Nani alikushauri? Karatasi kubwa hukunjwa ikatoa kurasa 16. Kurasa 84 maana yake umelipia 96 na 12 zimekatwa zikatupwa. Ungebana herufi kidogo ukafika 80, au ungeongeza hadithi fupi ukajaza 96 kwa bei ileile.

#25 KalamuNaJembe

Hakuna aliyeniambia kaka. Nilikochapisha walinipa bei nikalipa, na nakala 40 zilikuja kurasa zinaachia gundi kabla hata hazijashuka kwenye boti. Cha tatu kitakuwa 96, ahsante sana.

Na kwa wanaotaka kuchapa na kuhifadhi nyumbani: nimepoteza nakala 120 kwa mchwa na ukungu kwa sababu niliweka maboksi sakafuni wakati wa masika. Sasa naweka kwenye pipa la plastiki lenye kifuniko, juu ya benchi, na kila pipa natia karafuu kiganja kimoja.

#26 Msomaji_Wete

Kumbe! Nilinunua kitabu chake kwa mtu gatini Mkoani, shilingi elfu tano, nikakifungua ndani ya gari ya abiria na abiria wa pembeni akaniuliza nimebeba karafuu wapi. Mpaka leo kikinuka nakumbuka ile sura ya bibi na mtumbwi.

#27 BwanaShamba_Kizimbani

Nami niingie kidogo upande wangu. Umesema muhogo robo tatu ya eka, mbegu gani? Kama ni ya jirani tu uliyokata, angalia sana maradhi ya michirizi ya kahawia. Majani yanaweza kuonekana mazuri, ukichimba unakuta ndani ya muhogo mna madoa makavu ya kahawia, haufai. Batobato, maradhi mengine ya muhogo, inajionesha kwenye majani, hii inajificha. Hapa kituo cha utafiti wa kilimo cha Kizimbani, Unguja, zilitolewa mbegu zinazostahimili: Kizimbani, Mahonda, Kama na Machui. Ulizia ofisi ya kilimo iliyo karibu nawe.

#28 KalamuNaJembe

Ninayo Machui tangu 2021, nilipewa vijiti ishirini na mzee mmoja wa Kengeja. Tatizo langu si maradhi, ni tumbili. Na popo kwenye mashelisheli.

#29 MtotoWaChake

Popo wapige moto tu, kuni zipo.

#30 Kidike_Kwetu

@MtotoWaChake hapana ndugu yangu. Popo wa Pemba hapatikani kwengine popote duniani. Mwishoni mwa miaka ya 1980 walikuwa wamebaki wachache wa kutisha, watu waliwala na miti ikakatwa. Vijiji vikaamua kuwalinda na sasa wamerudi kwa maelfu. Uje Kidike jioni uwaone wakinyanyuka. Na wanapanda miti, mbegu wanazozitema ndio mivule ya kesho. Shelisheli lichume likiwa limepevuka bado gumu, usingoje liive mtini, hutagombana nao.

#31 MwalimuWaKengeja

Nimesoma yote na nashangaa hakuna aliyetaja lugha. Nimefundisha Kiswahili miaka ishirini na mbili. Mwandishi huyu mjini alikuwa akisikia lugha ya ofisini: barua, vikao, taarifa. Ukiisikia siku nzima, usiku huwezi kuandika mazungumzo ya watu, yote yanatoka kama kumbukumbu za mkutano. Bondeni anafanya kazi na mkewe, mashemeji, majirani wa leo kwangu kesho kwako. Anasikia watu wanavyokatana maneno, wanavyotaniana, wanavyotaja kila jani kwa jina lake. 2022 aliondoka kwenye kazi, akaondoka kwenye maneno. Barazani peke yake alikuwa anasikiliza nini? Nami nakisoma kitabu chake darasani kwa sababu hiyo. Wanafunzi wangu wanacheka mahali pa kucheka.

#32 Mtakwimu

Hoja nzuri mwalimu. Haipimiki, lakini nzuri.

#33 KalamuNaJembe

Simu anaishika mke wangu sasa. Kasoma uzi wote jana usiku akasema ana la kuandika. Yanayofuata ni yake.

Assalaam alaykum. Mie ndiye mkewe. Nashukuru dada UmmuSalma kwa kuniulizia.

Nyote mnazungumza kama kwamba 2022 hakuandika. Aliandika! Aliandika kuliko mwaka wowote. Alikaa pale barazani na mguu juu ya kinu, anaandika ukurasa, anausoma, anauchana. Anaandika tena, anachana. Karatasi zile mie ndiye niliyekuwa naziokota, nikiwashia moto asubuhi na vifuu, miezi sikununua mafuta ya taa ya kuwashia. Daftari lake la kurasa linahesabu zilizobaki jioni. Zilizochanwa hazikuingia. Mwaka wa mpunga hachani, anarudi na matope hadi magotini, anakula, ananisomea alichoandika, analala. Hana muda wa kuuchukia ukurasa.

Sijui sababu ni dungu au ni lugha. Nimesema nilichokiona jikoni.

#34 Mtakwimu

Shemeji, hesabu yote imebadilika. Tulikuwa tunauliza kwa nini anaandika zaidi, kumbe tulitakiwa kuuliza kwa nini anabakisha zaidi. @KalamuNaJembe hili ulilijua?

#35 KalamuNaJembe

Nilijua nachana. Sikujua ni nyingi kiasi cha kuwasha jiko miezi. Tangu jana nimefungua daftari la tatu, la zilizochanwa.

#36 MwalimuWaKengeja

Hili haliondoi hoja yangu. Anachana kwa sababu maneno hayakuwa hai.

#37 Mtumbatu Asilia

Wala yangu haliiondoi.

#38 Bi Mkubwa wa Ole

Mie nimesikiliza. Dunguni ungeuchana ukurasa ungepeperuka ukatisha ndege, pengine ingekuwa faida. Mwanangu, mpunga wako wa mwaka huu umefika wapi?

#39 KalamuNaJembe

Umetia maziwa tangu Jumatatu, bibi. Kamba mbili zimeoza, nasuka mpya leo usiku. Kesho alfajiri napanda dunguni. Nitakuwa kimya hapa wiki tano, wallahi si kwa kuwakimbia.

#40 MchumaKarafuu

Kheri inshaallah. Mie nimenunua kauntabuku leo hapa Konde.

#41 MbagalaKuu

Jamani hilo shelisheli likichumwa gumu linapikwaje?